Kutambua mizinga ya Waingereza kwenye picha za zamani: usianze na mtutu, anza na nyuma

Ngoja nianze na picha ya mjomba maana ndo iliyoniingiza kwenye huu ugonjwa. Mjomba wangu wa Tanga ana boksi la mbao lina picha za marehemu babu, na mojawapo ni askari sita wamesimama na kuegemea mzinga mrefu wenye magurudumu makubwa, nyuma kuna minazi. Nyuma ya picha mtu ameandika kwa wino "Mzinga wa Mjerumani". Miaka yote tumekua tunajua hiyo ni mojawapo ya ile mizinga ya Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyozama Rufiji, na mjomba akisimulia anakwambia mpaka ulivyokokotwa toka Rufiji. Siku moja nikaiskani vizuri nikaizumu kwenye kompyuta, nikatulia, nikamwambia "Mjomba shikamoo, ila hii naona ni ya Mwingereza." Akanijibu "We mtoto umezaliwa juzi, picha ina umri kukuzidi mara tatu." Haya, mwongozo huu wote ni kueleza nilijuaje, na we utajuaje ya kwako.

(Na kabla hatujaenda mbali: hapa mzinga ni ule wa baruti, sio wa nyuki, na sio wa kupigana mizinga ya elfu kumi mwisho wa mwezi.)

Kwanza kabisa, picha yenyewe

Usitambue kitu kwenye picha iliyopita WhatsApp. Inabanwa, vitu vidogo vyote vinakuwa uji, na kwenye mizinga vitu vidogo ndo kila kitu. Kama ni lazima utumiwe kwa WhatsApp basi mwenye picha aitume kama dokumenti. Ukiskani mwenyewe, picha ya saizi ya kadi weka dpi 600, na kama ni kapicha kadogo ka saizi ya kiberiti nenda 1200. Skani na nyuma pia! Watu wanasahau nyuma. Kule ndo kuna penseli, muhuri wa studio, namba ya picha. Kama ni postikadi na nyuma imegawanywa kwa mstari katikati, upande wa ujumbe na upande wa anwani, kadi za Uingereza za aina hiyo zimeanza 1902, kwa hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo hata mtu aape.

Maandishi chini ya picha yasome mwisho. Najua ni vigumu, jicho linakimbilia hapo, ila maandishi mengi yameandikwa na watu ambao hawakuwepo, au walikuwepo ila kwao kila mzinga mkubwa ni wa Mjerumani. Yafunike na kidole.

Na angalia kama picha imegeuzwa kushoto-kulia, hili linatokea sana kwa picha zilizotolewa kwenye vioo vya negativu. Koti la kijeshi la mwanaume upande wa kushoto unalalia juu ya wa kulia, na utepe wa medali unakaa kifua cha kushoto. Ukiona kinyume, igeuze kwanza ndo uendelee, la sivyo utatafuta kitu upande ambao hakipo.

Rangi usihangaike nayo. Vioo na filamu nyingi za enzi hizo zilikuwa haziioni rangi nyekundu, kitu chekundu kinatoka cheusi tii, bluu inatoka nyeupe. Mtu akikwambia "hii ni nyeusi kwa hiyo ni ya manowari" mpigie makofi afu endelea na kazi yako.

Nyuma ya mzinga, hapo ndo penyewe

Kila mtu akipewa picha ya mzinga anaangalia mtutu. Mtutu unadanganya. Mitutu ya mataifa yote inafanana, ni bomba. Nenda nyuma, pale panapofunguliwa kuingiza kombora, mi napaita mlango wa nyuma.

Kuna milango ya aina mbili utakayokutana nayo zaidi. Wa kwanza ni kizibo cha mviringo chenye hesi kama skurubu iliyokatwa vipande, unakizungusha kidogo kinaachia, afu kinafunguka pembeni kwa bawaba kama mlango wa jiko. Nyuma ya mzinga wa hivyo inaonekana ya duara, na mlango ukiwa wazi utaona lile bonge la skurubu limening'inia pembeni. Wa pili ni bonge la chuma la pembe nne linaloteleza kwenda pembeni kama droo ya kabati, na hapo nyuma ya mzinga inakuwa nene na ina kona, kama tofali.

Waingereza mpaka Vita ya Kwanza walipenda sana skurubu. Wajerumani wao ni watu wa droo. Sio sheria ya Mungu, maana Waingereza nao wana mizinga ya droo, hawitza yao (mzinga mfupi wa kurusha kombora juu) ya inchi 4.5 na baadaye ule wa paundi 25, ambao droo yake inateleza juu-chini, ila kwa mizinga ya manowari ya 1914 kwenye pwani yetu inakupeleka mbali sana.

Sasa rudi kwenye picha ya mjomba. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliivizia manowari ya Kiingereza Pegasus ikiwa imetia nanga Zanzibar kwa matengenezo, ikaizamisha. Yenyewe Königsberg ikaja kumalizwa kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915 na manowari mbili za maji mafupi, Severn na Mersey. Watu wengi wanajua sehemu ya Wajerumani kuiopoa mizinga yao 10, kuipeleka Dar es Salaam karakana na kuiwekea magurudumu. Kisichojulikana sana ni kwamba Waingereza nao waliopoa mizinga ya Pegasus, nao wakaiwekea magurudumu, wakaenda nayo bara. Wakaiita Peggy. Kwa hiyo kwenye vita moja, kwenye nchi moja, una mizinga ya meli iliyozama inatembea nchi kavu kwa magurudumu ya kuungaunga, na pande zote mbili zinayo!

Na kuipima urefu haisaidii, nilijaribu. Wa Königsberg tundu lake ni milimita 105 na urefu wa mtutu ni mara 40 ya tundu, yaani mita 4.2. Wa Pegasus ni inchi 4, yaani milimita 101.6, nao mara 40, inakuja mita 4.06. Tofauti ya sentimita 14 kwenye picha iliyopigwa kwa pembe na mtu kaegemea, utaijulia wapi? Ila nyuma sasa. Wa Königsberg una droo. Wa Pegasus una skurubu. Kwenye picha ya mjomba yule askari wa tatu kutoka kushoto ameweka mkono juu ya mlango, mlango uko nusu wazi, na chini ya kiwiko chake inaonekana nusu duara yenye meno. Kwisha habari.

Ukipita Mombasa nenda Fort Jesus, wameweka mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus. Usipige selfie na midomo yake. Zunguka nyuma, piga picha nyuma, kaa nazo kwenye simu. Hizo ndo zitakuwa rula yako.

Halafu mtego mwingine hapohapo: askari waliosimama na mzinga sio ushahidi wa mzinga ni wa nani. Wajerumani walikuwa wanaiharibu mizinga yao na kuiacha wakirudi nyuma, na Waingereza wakiikuta wanapigia nayo picha. Ukiona kundi linatabasamu mbele ya mzinga ambao mtutu wake umepasuka au mlango haupo, uwezekano mkubwa hao wameuteka.

Maganda na mifuko

Waingereza wanaandika herufi mbele ya jina, QF au BL, na ukizielewa unaweza kuzisoma hata kwenye picha isiyo na maandishi. QF baruti yake inakaa kwenye ganda la chuma, kawaida shaba. BL baruti yake imefungwa kwenye mifuko ya kitambaa. Kwa hiyo angalia chini ya miguu ya askari: ukiona rundo la maganda matupu yanang'aa, ni QF. Ukiona mizinga mikubwa, kombora zimepangwa, ila hakuna ganda hata moja tupu, kuna vikopo virefu vya kubebea mifuko, hiyo ni BL. Ila angalizo, shaba peke yake haikwambii ni Mwingereza, maana Mjerumani na droo zake alitumia ganda la shaba hata kwenye mizinga mikubwa.

Majina yenyewe yamekaa kienyeji kweli. Midogo inaitwa kwa uzito wa kombora, "pdr" ni paundi. Hawitza na mikubwa inaitwa kwa upana wa tundu kwa inchi. Na pengine inaongezwa "cwt" (kipimo cha paundi 112), huo ni uzito wa mtutu, sio wa kombora, kwa ajili ya kutofautisha mitutu ya kombora la uzito mmoja. Ndo maana unakuta paundi 12 cwt 12, wa pwani wa kukimbizana na boti za topido, na paundi 12 nyingine ambazo hazihusiani kabisa. Na kombora la mzinga wa Pegasus lilikuwa la paundi 25, ila usiuite mzinga wa paundi 25, huo ni mwingine kabisa wa Vita ya Pili, utachekwa.

Teke linaenda wapi?

Mzinga ukipiga unarudi nyuma, una teke. Swali la kujiuliza: hilo teke linazuiwa na nini? Hapa unapata umri.

Kama mtutu umekaa moja kwa moja kwenye magurudumu bila bomba lolote juu wala chini yake, ni wa zamani, teke lote linasukuma gari zima. Kama kuna bomba juu ya mtutu au chini yake, ndani yake kuna springi na mafuta au hewa, na mtutu unateleza peke yake magurudumu yakibaki palepale, hapo tumeingia miaka ya 1900.

Paundi 18, ambao ndo mzinga utakaokutana nao kuliko yote kwenye picha za Vita ya Kwanza (tundu milimita 84, umeanza 1904), bomba lake liko JUU ya mtutu, na kwenye ile ya mwanzo bomba limezungushiwa kamba, unaiona kabisa imeviringishwa kama mpini wa panga. Mkia wake ni bomba moja la chuma linaloenda nyuma katikati. Paundi 13 wa askari wa farasi ni mdogo wake, kamba hiyohiyo mkia huohuo, tundu milimita 76, hapo itabidi upime kwa gurudumu: gurudumu la paundi 18 lina kipenyo cha mita 1.42. Hawitza ya inchi 4.5 bomba liko CHINI, mtutu mfupi mnene kama kinu, na mkia wake ni kama boksi lenye tundu katikati ili mtutu ukiinuliwa juu nyuma yake ipate nafasi. Ukichanganya hawitza hii na paundi 18 basi hukuangalia kabisa, mtutu wa paundi 18 ni mara 28 ya tundu, wa hawitza mara 15 hivi.

Ila paundi 18 za mwisho wa vita, Mk IV (Mk ni toleo, yaani toleo la nne), bomba lilihamia chini na mkia ukawa boksi. Na miaka ya 1930 wakazifunga matairi ya mpira. Kwa hiyo ukiona matairi usikimbilie kusema Vita ya Pili, angalia juu ya mtutu kwanza.

Paundi 60 ni kama paundi 18 iliyokula ugali: mtutu mrefu wa inchi 5, mabomba juu, magurudumu makubwa, farasi wengi.

Vita ya Pili ni rahisi zaidi kwa kweli. Paundi 25, ambao ndo walienda nao hadi Burma 1944 wapiga mizinga wa Afrika Mashariki wa Divisheni ya 11, una sahani kubwa ya duara kama gurudumu lililolazwa chini, mzinga unapanda juu yake ili uzunguke kirahisi. Safarini sahani hiyo inaning'inia chini ya mkia. Mkia wenyewe umepinda kama nundu. Kama mdomoni kuna kofia yenye matundu ya kupunguza teke, picha ni ya kuanzia kama 1942. Inchi 5.5 ina pembe mbili zimesimama kushoto na kulia kwa mtutu kama ng'ombe, huwezi kukosea, ila ndugu yake wa inchi 4.5 anakaa kwenye gari lilelile lenye pembe zilezile na mtutu wake ni mrefu zaidi. Paundi 2 wa kupigia vifaru unakaa chini kwa miguu mitatu. Paundi 17 ni mrefu, ngao imepinda, na ana kofia mdomoni. Bofors, ule wa kutungulia ndege, mdomo wake ni kama tarumbeta.

Mizinga ya pwani

Hii haina magurudumu, imekaa kwenye shimo la zege au juu ya nguzo, na hapa rula yako ni binadamu na kombora.

Waingereza walitawanya aina chache sana pwani za dunia nzima, na hiyo ni raha kwetu, maana ukizijua mbili tatu umeshamaliza Gibraltar, Bermuda, Robben Island, Australia, popote. Inchi 6 Mk VII: mtutu karibu mita 7, kombora kilo 45. Inchi 9.2 Mk X: mtutu karibu mita 11, uzito wa mtutu tani 28, kombora kilo 172. Kwa hiyo ukiona askari mmoja amekumbatia kombora kifuani kama mtoto, ni inchi 6. Ukiona kombora limeninginizwa kwenye winchi na watu wamesimama kwenye jukwaa lililofungwa kwenye mzinga wenyewe, ni 9.2 au kubwa kuliko hiyo. Inchi 6 Mk VII ndo aina iliyopiga mlio wa kwanza wa upande wa Waingereza kwenye Vita ya Kwanza, tarehe 5 Agosti 1914, Point Nepean Australia, kuizuia meli ya Kijerumani Pfalz isitoroke bandarini Melbourne.

Ukiona mitutu miwili imetoka kwenye boksi moja la chuma, ni paundi 6 pacha ya kukinga bandari. Ukiona shimo la duara limefunikwa na sahani ya chuma na mtutu unatokeza kwenye mpasuko, huo ni mzinga wa kujificha wa miaka ya 1880, unapiga afu teke lenyewe linaurudisha chini shimoni. Upo mmoja mpaka leo Taiaroa Head, New Zealand. Inchi 15 ni za Singapore na Dover, hizo ukubwa wake unajieleza wenyewe, binadamu pembeni anaonekana kama sisimizi.

Ile ya kale ya kujazwa mdomoni

Hii ndo imejaa kwenye ngome zetu na hapa naomba tupunguze mbwembwe. Mizinga ya kwenye ufukwe wa Unguja, mpaka mtaa ukaitwa Mizingani, si yote ya Mwingereza, ya shaba iliyochongwa nakshi na yenye vishikio viwili juu mgongoni mara nyingi ni ya Mreno au wengine. Wa Mwingereza wa kawaida ni wa chuma, mweusi, hauna vishikio. Kama kule nyuma kabisa, juu ya kitufe (kile kirungu cha chuma kilichotokeza), kuna pete ya kupitishia kamba, huo ni muundo wa Blomefield, kuanzia miaka ya 1790 hivi kwenda mbele. Kama ni mfupi mnene na badala ya masikio mawili ya pembeni ya kulalia kwenye gari lake una tundu la kufungia chini ya tumbo, ni karonadi.

Zumu mgongoni. Taji na herufi: GR ni mfalme George yeyote kati ya wanne, 1714 hadi 1830, VR ni Victoria, 1837 hadi 1901. Mshale wenye ncha tatu ni mali ya serikali. Na kuna namba tatu zimetenganishwa kwa vistari watu wanadhani ni tarehe. Mfano 24-2-14. Sio tarehe 24 mwezi wa 2 mwaka 14! Ni uzito: 24 mara paundi 112, jumlisha 2 mara paundi 28, jumlisha paundi 14, jumla 2,758, ambayo ni kilo 1,251. Nimeshawahi kukuta hiyo "tarehe" imebandikwa kwenye maelezo ya mzinga sehemu moja, siitaji.

Mizinga ya baadaye imechorwa nyuma kabisa, kwenye pete ya mlango: RGF ni kiwanda cha serikali Woolwich, EOC ni Elswick, VSM ni Vickers, na mwaka. Huo mwaka ni wa kutengenezwa mtutu, picha inaweza kuwa imepigwa miaka 30 baadaye.

Sasa andika ulichopata

Kwa penseli laini nyuma ya picha, sio kalamu, wino unapenya. Tenganisha unachokiona na unachokidhania. Ya mjomba niliandika: "Mlango wa skurubu, mtutu wa manowari kwenye magurudumu, unalingana na inchi 4 ya Pegasus. Askari hawajulikani. Mahali hapajulikani, minazi." Usifute maandishi ya zamani hata kama yamekosea, maana yanaonyesha picha ilikuwa inasimuliwaje.

Mjomba alisoma, akavaa miwani, akasoma tena. Akachukua penseli mkononi mwangu akaongeza chini yake: "Kwa mujibu wa mtoto wa dada."